Nitajuaje kama chaguo letu la juu ni garasa?

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Mbeya, naishi Marekani, na huu mpira wao wa Kimarekani, wa ligi ya NFL, nimeujulia kwa wenzangu wa kazini. Timu yetu ilichukua kwotabeki, yule mrusha pasi anayeongoza mashambulizi, katika watano wa kwanza wa drafti, zile zamu za timu kuchagua wachezaji wapya. Huu ni msimu wake wa pili. Anaangushwa ovyo, pasi zake zinanaswa na wapinzani, na kocha aliyemchagua ameshafukuzwa. Kazini tumegawanyika: nusu wanasema ni garasa, auzwe, nusu wanasema hata Peyton Manning, gwiji wa nafasi hiyo, alianza hivyo hivyo. Kwetu mchezaji akisajiliwa Simba au Yanga akachemsha, dirisha dogo halifiki kabla hatujamjua. Huku mtu anahukumiwa lini, na kwa kipimo gani? Jina la kijana silitaji ili unijibu bila ushabiki.

Jibu: Ndugu yangu, nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Kwa kwotabeki, msimu wa pili bado si wakati wa hukumu. Hukumu ina tarehe yake, na hawakuipanga mashabiki: ni mwanzoni mwa Mei baada ya msimu wa tatu, ambapo timu lazima iseme kama inauchukua mwaka wa tano wa mkataba wake au inauacha. Lakini kuisubiri tarehe hiyo si kufumba macho. Yapo mambo unayoweza kuyaona leo kwenye runinga yako, na mengi si haya mnayobishania kazini.

Kwanza tuelewane garasa ni nani. Umezoea usajili wa klabu kununua mchezaji; ukishindwa, klabu inasajili mwingine dirisha lijalo. Drafti haiendi hivyo. Timu 32 zinapanga foleni kwa raundi saba, iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ikiwa mbele, na kila nafasi ni chaguo moja tu. Kwa hiyo gharama ya mchezaji si mshahara wake pekee, bali pia wale wote walioachwa wakiwa bado mezani. Mwaka 1989 Green Bay walikuwa na chaguo la pili wakamchukua Tony Mandarich, mlinzi wa safu ya mbele, wale wanaomkinga kwotabeki, aliyesifiwa nchi nzima. Namba moja alikuwa Troy Aikman. Tatu, nne na tano walikuwa Barry Sanders, Derrick Thomas na Deion Sanders. Katika hao watano, wanne wamo kwenye Jumba la Mashujaa kule Canton, Ohio, na asiyekuwemo ni Mandarich. Alikuja kucheza vizuri kiasi Indianapolis miaka ya baadaye, lakini nani anakumbuka? Au chukua 2011: Jacksonville walipanda foleni (timu huweza kuuziana nafasi) hadi nafasi ya kumi wakamchukua Blaine Gabbert, Minnesota nafasi ya 12 wakamchukua Christian Ponder, wote makwotabeki. Katikati yao, nafasi ya 11, Houston walimchukua J.J. Watt, aliyekuja kuwa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi mara tatu.

Fedha nazo zilikuwa na uzito wake, ila uzito huo umehama. Zamani chaguo la kwanza liliweza kuizamisha timu kwa mshahara peke yake. Oakland walimpa JaMarcus Russell mkataba wenye zaidi ya dola milioni 30 za uhakika mwaka 2007, na Sam Bradford akahakikishiwa milioni 50 mwaka 2010 kabla hajagusa mpira wa ligi. Mkataba mpya wa ligi na chama cha wachezaji ukaja 2011, na tangu hapo kila nafasi ina bei yake: Cam Newton, namba moja wa mwaka huo, alipata kama milioni 22 kwa miaka minne. Bryce Young, namba moja wa 2023, alipata karibu milioni 38. Kwa kwotabeki hizo ni fedha ndogo, na ndiyo maana miaka ile minne ina thamani kubwa mno. Timu yenye kwotabeki mzuri wa bei rahisi inabaki na fungu la kulipa walinzi na wapokeaji wa nguvu. Kijana wenu akichemsha, hasara kubwa si mshahara wake. Ni ile miaka ya nafuu inayopita bure.

Sasa hoja ya Manning, maana naiona kila mahali na imenichosha. Ni kweli alinaswa pasi 28 msimu wake wa kwanza, 1998, rekodi ya mchezaji mgeni, yaani wa msimu wa kwanza, mpaka leo, na Indianapolis wakashinda mechi tatu tu kati ya 16. Wanaoitaja husahau nusu ya pili ya hesabu: alirusha pia tachidauni 26, yaani pasi zilizozaa bao, na yadi 3,739. Mwaka uliofuata timu ilishinda 13. Mwaka huo huo wa 1998, chaguo la pili lilikuwa Ryan Leaf wa San Diego. Leaf alinaswa pasi 15 tu, akarusha tachidauni mbili. Ukihesabu pasi zilizonaswa peke yake, utasema Leaf alikuwa mwangalifu zaidi! Katika mechi moja dhidi ya Kansas City alikamilisha pasi moja kati ya 15, kwa yadi nne. Aliondoka kwenye ligi akiwa na tachidauni 14 na pasi 36 zilizonaswa.

Unaona basi kwamba pasi zilizonaswa hazikuwatenganisha. Manning alikuwa anajaribu karibu kila pasi iliyomo kwenye kitabu cha mashambulizi, akirusha kwa wakati, kabla mpinzani hajamfikia. Makosa yake yalikuwa ya mtu anayesoma mchezo mgumu na kukosea sehemu ya jibu. Makosa ya Leaf yalikuwa ya mtu asiyejua anatazama nini. Kwa hiyo anayekuambia Manning alianza hivyo hivyo, muulize: kijana wetu ananaswa kama Manning au kama Leaf?

Kuna udhaifu mwingine katika hoja hiyo. Waliopona ndio wanaotajwa. Terry Bradshaw alinaswa pasi 24 msimu wa kwanza mwaka 1970 akaja kubeba Super Bowl, fainali ya ligi, mara nne. Aikman alipoteza mechi zote 11 alizoanza 1989, akaja kubeba tatu. Sawa. Lakini Tim Couch, chaguo la kwanza 1999, alipewa muda. Joey Harrington, chaguo la tatu 2002, alipewa muda. Gabbert na Ponder walipewa muda. Hao hawatajwi mezani kwa sababu hadithi zao hazina mwisho mtamu. Kuanza vibaya hakumzuii mtu kuwa mkubwa, ila pia si dalili ya ukubwa.

Kuhusu mazingira, hapo mashabiki wenye huruma wana haki kuliko wanavyojua wenyewe. Jared Goff, namba moja wa 2016, alianza mechi saba akapoteza zote saba. Kocha Jeff Fisher akafukuzwa mwezi Desemba, akaja Sean McVay, na mwaka uliofuata timu ile ile ya Rams ikashinda 11. Msimu mmoja baadaye Goff alikuwa uwanjani kwenye Super Bowl. Trevor Lawrence alinaswa pasi 17 chini ya Urban Meyer, ambaye hata msimu hakuumaliza. Chini ya Doug Pederson mwaka uliofuata zikawa nane, tachidauni zikapanda kutoka 12 hadi 25. David Carr aliangushwa mara 76 msimu wake wa kwanza Houston, 2002, kwenye timu iliyokuwa ndiyo kwanza imeanzishwa, na rekodi hiyo haijavunjwa. Mtu akipigwa chini mara 76 akili yake inaanza kutafuta kipigo hata pale kisipokuwepo. Sam Darnold alinaswa na maikrofoni mwaka 2019, Patriots wakiichapa timu yake ya Jets 33 kwa 0, akisema anaona mizuka. Watu walicheka sana. Mimi niliona ni maelezo sahihi kabisa ya ugonjwa huo.

Lakini usimfanye kocha aliyefukuzwa kuwa kisingizio cha kudumu. Kuna kisa cha Josh Rosen ambacho wenye subira hawapendi kukisikia. Arizona walipanda foleni kumchukua nafasi ya kumi mwaka 2018. Safu iliyomlinda ilikuwa mbovu, kocha mkuu akafukuzwa baada ya mwaka mmoja. Yaani kila udhuru alikuwa nao. Timu haikusubiri. Aprili 2019 walimchukua Kyler Murray namba moja, wakamuuza Rosen kwenda Miami kwa chaguo la raundi ya pili na moja la raundi ya tano. Watu wengi walisema ni ukatili. Murray akawa mchezaji mgeni bora wa mashambulizi mwaka huo, na Rosen akazunguka timu moja hadi nyingine bila kupata nafasi ya kudumu. Waliokuwa naye mazoezini kila siku walikuwa wameona kitu ambacho sisi wa runinga hatukukiona.

Basi wewe wa runinga utazame nini?

Achana na ushindi na kushindwa. Achana pia na jumla ya yadi, kwa sababu kwotabeki wa timu mbovu hukusanya yadi nyingi robo ya nne wakiwa nyuma kwa pointi 20, wapinzani wamelegeza ulinzi ili muda uishe. Tazama majaribio ya tatu. Kama unavyojua, timu ina majaribio manne ya kusogea yadi kumi, na jaribio la tatu likibaki na yadi saba, nane au zaidi, uwanja mzima unajua pasi inakuja. Hapo hakuna pa kujificha. Angalia kichwa chake: je, macho yanatoka kwa mpokeaji wa kwanza kwenda kwa wa pili, au anamkodolea mmoja mpaka mlinzi wa wapinzani anasoma pasi kabla haijatoka? Angalia miguu: presha ikija anapiga hatua moja ndogo kando na kubaki anatazama mbele, au anageuka mbio kurudi nyuma? Na umesema anaangushwa ovyo. Kila akiangushwa, hesabu polepole kuanzia mpira unapomfika mikononi. Akiangushwa kabla hujafika tatu, lawama ni ya walinzi wake. Ukifika nne, tano, bado ameushika, hiyo ni ya kwake. Mashabiki huwarundikia walinzi lawama zote, kumbe kwotabeki anayechelewa kuamua hata mlinzi hodari atamfanya aonekane hovyo.

Kisha linganisha na mwaka jana. Tafuta mechi mbili au tatu za Novemba ya msimu wa kwanza na zile za Novemba hii, utazame hayo majaribio ya tatu tu. Novemba ni muhimu kwa sababu kufikia hapo wapinzani wa ligi nzima wameshamsoma. Kung'ara Septemba hakusemi mengi. Unachokitafuta si uzuri, ni kusogea. Josh Allen wa Buffalo alikamilisha asilimia 52.8 ya pasi zake msimu wa kwanza, 2018, na watu walimcheka waziwazi. Msimu wa pili 58.8. Wa tatu 69.2, na msimu wa 2024 akachaguliwa mchezaji bora wa ligi. Ule msimu wa pili haukuwa mzuri, lakini ulikuwa umesogea. Kosa lile lile katika hali ile ile, mwaka mmoja baadaye, ndilo linalonitia wasiwasi kuliko jipya lililo baya zaidi.

Dalili nyingine iko kwa kocha, wala si kwa anachosema mbele ya waandishi. Huko wote husema wanamwamini kijana. Sikiliza anachokiita uwanjani. Jaribio la tatu, yadi tisa, mechi bado iko wazi, na kocha anaita mkimbizaji apite katikati au pasi fupi ya pembeni? Ikitokea mara moja ni mbinu. Ikitokea wiki baada ya wiki, kocha ameshamhukumu kimoyomoyo na anachotaka ni mechi iishe bila aibu. Kinyume chake, kocha mpya anayemwachia arushe mbali hata baada ya kunaswa mara mbili anakuambia mazoezini ameona mkono unaostahili.

Nafasi nyingine zina saa zao, nizipitie haraka. Mkimbizaji mpira hujulikana upesi: Trent Richardson, chaguo la tatu 2012, aliuzwa na Cleveland mwanzoni mwa msimu wake wa pili kwa chaguo la raundi ya kwanza la Indianapolis, na waliomnunua ndio walioumia, hakuwahi kufufuka. Washambuliaji wa safu ya ulinzi, wale kazi yao kumwangusha kwotabeki, wape miaka miwili. Houston walipomchukua Mario Williams namba moja 2006 wakamwacha Reggie Bush, walitukanwa. Msimu wa kwanza aliangusha makwotabeki mara nne na nusu tu, matusi yakaongezeka. Wa pili, mara 14. Na aliyeumia usimwite garasa: Ki-Jana Carter, namba moja wa 1995, goti lilikatika kwenye mechi ya maandalizi akiwa ndiyo kwanza amebeba mpira mara chache. Hiyo ni bahati mbaya kwa mchezaji na kwa timu, basi.

Turudi kwenye ile tarehe ya Mei. Kila mchezaji wa raundi ya kwanza ana mkataba wa miaka minne, na timu ina hiari ya mwaka wa tano ambao, tangu makubaliano ya 2020, ukishachukuliwa fedha yake yote ni ya uhakika. Ndiyo maana naiamini tarehe hiyo kuliko mchambuzi yeyote: inailazimisha timu kuweka fedha pale ilipokuwa inaweka maneno. Hata hivyo timu nazo hujikanyaga. Giants walimchukua Daniel Jones wa sita mwaka 2019. Mei 2022 waliukataa mwaka wake wa tano. Akacheza msimu mmoja mzuri, wakashinda mechi ya mtoano, na Machi 2023 wakampa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 160. Novemba 2024 wakamwachia. Hukumu yao ya kwanza ilikuwa sahihi. Waliitengua kwa sababu ya msimu mmoja, na wakalipa.

Sasa kuna swali ambalo hukuliuliza, na ndilo ninaloliona kubwa zaidi. Mnapobishana kama ni garasa, mnachanganya maswali mawili: kama mchezaji ana uwezo, na kama timu iliyomchukua itapata thamani ya chaguo lake. Majibu yanaweza kupishana kabisa. Darnold alikuwa chaguo la tatu 2018. Jets walimuuza 2021, Carolina nao wakachoka naye, akakaa benchi San Francisco mwaka mzima akijifunza. Mwaka 2024 Minnesota walishinda mechi 14 yeye akiwa kwotabeki, akirusha tachidauni 35. Kwa Jets alikuwa garasa, na nitabishana na yeyote atakayesema vinginevyo, kwa sababu walitumia chaguo la tatu wasipate chochote cha maana. Kama mchezaji hakuwa garasa hata kidogo. Baker Mayfield, namba moja wa mwaka huo huo, ni kesi ngumu zaidi: aliwapa Cleveland ushindi wao wa kwanza wa mtoano tangu msimu wa 1994, kisha wakamtupa kwa ajili ya Deshaun Watson, wakatoa machaguo matatu ya raundi ya kwanza na milioni 230 za uhakika. Mayfield akaenda kufufuka Tampa Bay, tachidauni 41 mwaka 2024. Hapo chaguo lilikuwa zuri. Garasa lilikuwa uamuzi uliofuata.

Hilo lina maana kwenu. Kocha mpya aliyekuja hakumchagua huyu kijana, kwa hiyo hana aibu ya kumwacha. Na saa ya mkataba haianzi upya kwa sababu kocha amebadilika. San Francisco walitoa machaguo matatu ya raundi ya kwanza na moja la raundi ya tatu ili kumpata Trey Lance wa tatu 2021, akaanza mechi nne tu kwao, kifundo cha mguu kikavunjika, na Agosti 2023 wakamuuza Dallas kwa chaguo moja la raundi ya nne. Hawakujali walitoa nini, kwa sababu Brock Purdy, chaguo la mwisho kabisa la 2022, la 262, alikuwa anashinda mechi. Ndivyo timu yenye akili inavyofanya: haimshikilii mtu kwa sababu tu aligharimu sana.

Kwa hiyo kufikia drafti ya Aprili, fuatilia mambo matatu upande wenu. Kama uongozi utaleta kwotabeki mkongwe wa bei ya kati, wanamtengenezea kijana ushindani na mwaka wa tatu ni wake. Kama fedha zitakwenda kwa walinzi na mpokeaji mkubwa, wanamwamini kuliko wanavyosema. Na kama watatumia chaguo la raundi ya kwanza kuchukua kwotabeki mwingine, basi yameisha, bila kujali nini kitasemwa kwenye mkutano na waandishi. Ukiniuliza nikisie kwa haya machache uliyoniandikia, anayeangushwa ovyo chini ya makocha wawili ndani ya miaka miwili, ningempa mwaka wa tatu, nikamnunulia walinzi wawili, na nisingemwahidi wa tano. Ile hesabu ya moja, mbili, tatu anapoangushwa, ifanye Jumapili hii kisha uniandikie imetoa nini. Nusu ya majibu yangu itategemea hiyo.